Picha za Kuchekesha Magazetini

Huku kwetu Korogwe gazeti huja mara mbili. Mara ya kwanza huja kwa basi, nalo hununuliwa na watu wachache, wakasoma habari za siku ile. Mara ya pili huja likiwa limefunga maandazi, au kipande cha sabuni, au fungu la dagaa, baada ya majuma mengi, wakati habari zake zimekwisha kuoza. Sisi tulio walimu, kwa kuwa mshahara ni wa mwezi na gazeti ni la kila siku, twalijua zaidi hili la mara ya pili. Nalo limetufundisha jambo moja juu ya picha za kuchekesha, ambazo siku hizi huitwa katuni au vibonzo. Picha iliyo mbaya hufa pamoja na habari yake. Iliyo njema huishi hata ndani ya mafuta ya maandazi. Mtu huikunjua karatasi, akatazama, akacheka peke yake njiani, wala hajui ni waziri gani aliyesemwa wala ni kodi gani iliyokuwa imepandishwa juma lile.

Kwa kipimo hiki cha maandazi twataka kuzipima picha hizo leo. Hatusemi juu ya hadithi ndefu za picha, zile ziendazo kutoka mraba hata mraba. Twasema juu ya picha ile moja tu, iliyo katika mraba mmoja, pengine na mstari wa maneno chini yake, pengine bila neno. Watu wengi huidhania kuwa kazi ndogo, ya kujaza nafasi iliyobaki ukurasani. Sisi twadhani ni ngumu kuliko makala, maana mwandishi wa makala akijikwaa mwanzo aweza kujiponya katikati au mwisho. Mchoraji wa picha moja hana katikati wala hana mwisho.

Neno katuni lenyewe lilizaliwa kwa mzaha. Asili yake ni neno la Kitaliano la karatasi nene, ambayo mafundi wa zamani waliichorea mfano wa picha kubwa kabla ya kuipaka rangi ukutani. Mwaka 1843 huko London palikuwa na maonyesho ya mifano ya namna hiyo, ili kuchagua picha za kupamba kuta za jumba jipya la Bunge. Gazeti la Punch, lililoanzishwa mwaka 1841, likaona ya kuwa fedha zatumika kwa mapambo hali mjini kuna njaa. Basi mchoraji wake John Leech akachora maskini, wazee kwa watoto, wamevaa matambara, wakizitazama picha nzuri zilizotundikwa. Na gazeti likaiita picha yake katuni namba 1. Tangu siku hiyo jina la mifano ya heshima likawa jina la picha za mzaha.

Lakini msomaji asidhani ya kuwa jambo lenyewe tumeletewa na meli. Jina ndilo lililoletwa. Jambo lenyewe mama zetu na dada zetu walikuwa wakilivaa kabla gazeti halijazoeleka vijijini. Itazame kanga: ina pindo pande zote, mfano wa mraba wa picha ya gazeti, ina mji katikati, penye mchoro wa korosho, au kuku, au taa, na chini pana jina, yaani maneno machache yaliyochapwa kwa herufi kubwa. Mwanamke akiwa na neno na jirani yake haendi kumgombeza. Huvaa kanga yake, akapita mbele ya mlango wa yule jirani akienda kuteka maji, akarudi, akapita tena. Jirani husoma, hukasirika, wala hana la kumshitaki kwa mwenyekiti wa kitongoji, maana nguo haikumtaja mtu. Aliyelitaja jina lake ni yeye mwenyewe, moyoni mwake, alipokuwa akisoma.

Hapo ndipo penye nguvu ya picha moja. Nusu yake iko karatasini, na nusu ya pili imo ndani ya msomaji, na kazi ya mchoraji ni kuziacha nusu hizo zikutane. Akizichora zote mbili, msomaji hana la kufanya, wala hatacheka. Akichora robo tu, msomaji hupotea njiani.

Jambo hili tulilijaribu darasani. Katika jarida la New Yorker, lililoanza mwaka 1925 huko Marekani, palikuwa na mchoraji aliyeitwa Charles Addams, na mwaka 1940 alitoa picha iliyojulikana sana. Mtu ateremka mlimani juu ya theluji, miguu yake imefungwa katika mbao mbili ndefu za kutelezea. Nyuma yake pana mti mkubwa, na alama za mbao zile zimepita, moja upande wa kuume wa mti, na moja upande wa kushoto. Mtu wa pili amesimama akimtazama. Hapana neno hata moja. Tuliwaeleza vijana wetu picha hii, wakakaa kimya kwa adabu. Mmoja akauliza kama theluji ni sawa na ile barafu ya ndani ya friji. Tukaona tumeshindwa.

Siku ya pili tukachora ubaoni mkokoteni wa punda katika njia ya mchanga. Mwenyewe amelala juu ya magunia ya mahindi. Nyuma yake pana mbuyu, na alama za magurudumu zimepita moja huku na moja huku. Walicheka kabla chaki haijafika mwisho wa alama ya pili. Fikira ilikuwa ya Bwana Addams, nasi hatukuongeza ila mbuyu na punda. Kilichokosekana siku ya kwanza hakikuwa akili ya vijana wetu. Ilikuwa ile nusu ya pili ya picha, ambayo mtu wa Marekani anayo na mtu wa Korogwe hana. (Kijana mmoja alitaka kujua punda alipita upande gani. Swali hilo hatujalijibu hata leo.)

Picha nyingine yatuhusu zaidi sisi tulio watu wa Kanisa. Katika Punch ya mwaka 1895 George du Maurier alimchora kasisi kijana akila mezani kwa askofu wake. Yai la kijana limeoza, na askofu ameliona. Lakini kijana, kwa kutotaka kumwaibisha mkubwa, ashikilia kwamba yai hilo, mahali mahali, ni jema sana. Waingereza wamelifanya yai hilo kuwa mithali. Tulipowasimulia watu wazima wa kwetu, nusu walicheka kwa sauti, maana kila mtu amjua kijana wa namna hiyo. Nusu ya pili hawakucheka. Mama mmoja akasema kijana yule amelelewa vizuri, kwa kuwa mgeni hasemi ya kuwa chakula kimeoza. Wa kuchekwa ni askofu, aliyeliona yai bovu wala asiliondoe mezani. Tangu siku hiyo hatuwezi tena kuitazama picha ile kama ilivyotazamwa London. Huenda mama yule ameiona vizuri kuliko aliyeichora.

Basi tuje kwa wachoraji wetu. Wakubwa wetu wakumbuka Chakubanga, aliyechorwa na Bwana Christian Gregory katika Uhuru, gazeti la chama cha TANU, tangu miaka ile ya Azimio la Arusha la 1967. Baadaye likaja jarida la Sani na kina Lodi Lofa na Madenge, na mmoja wa mafundi wake mashuhuri alikuwa marehemu Philip Ndunguru, aliyefariki akiwa kijana bado. Nairobi walikuwa na Joe, jarida la Bwana Hilary Ng'weno na Bwana Terry Hirst, lililoanza mwaka 1973 likakoma mwaka 1979. Hayo yote yana heshima yake, lakini mengi yake ni hadithi za mraba kwa mraba, nasi twayapita.

Katika picha ya mraba mmoja, mchoraji tunayemweka mbele ya wenzake wa nchi hii ni Bwana Ali Masoud, ajulikanaye kwa jina la Masoud Kipanya. Ni mtangazaji wa redio pia, na mwaka 2022 alionyesha motokaa ya umeme aliyoiunda, kwa hiyo si mtu wa kalamu tu. Jina lake amelipata kwa panya wake mdogo, ambaye kwa miaka mingi wasomaji wa Mwananchi wamekuwa wakimtafuta kabla hawajasoma habari yo yote.

Tumejiuliza sana kwa nini panya. Wanyama wa hadithi zetu ni wengi, na sungura ndiye aliyekuwa na haki ya kwanza. Lakini sungura huishi porini. Panya ni mwenyeji wa kila nyumba. Hakualikwa, wala hawezi kufukuzwa. Aingia ghalani kwa tajiri na jikoni kwa maskini, naye ajua chakula kimewekwa wapi na nani amekificha. Kama mchoraji angaliweka mtu mahali pa panya huyo, sisi wasomaji tungaliuliza mara moja: Huyu ni wa kabila gani? Ni wa chama gani? Baba yake ni nani? Panya haulizwi maswali hayo. Ni ndugu yake Abunuwasi, aliyesimama mbele ya sultani bila mali wala jeshi, naye sultani hakupata pa kumshika. Mtoto wa darasa la tatu na mzee asiyejua kusoma wote wawili waweza kusimama nyuma ya panya wakatazama kwa macho yake.

Jambo la pili ni kwamba Bwana Masoud ajua kunyamaza. Picha zake nyingi hazina maneno, au zina neno moja au mawili, nazo huenda katika simu za watu kutoka mkono hata mkono. Hapo twaiona kanga tena: mchoro, neno dogo, na kila mtu moyoni mwake amtaja amtakaye.

Walakini hatutamsifu kwa yote. Pengine fumbo lake limefungwa kwa kufuli mbili. Tumeona watu wanne sokoni Manundu wakibishana juu ya picha yake moja hata muuza nyanya akawaomba waondoke mbele ya meza yake. Kila mmoja alikuwa na maana yake, na hakuna aliyecheka. Kitendawili kina adabu yake: wasikilizaji wakishindwa, mtegaji huomba mji, hupewa, kisha hana budi kutoa jibu. Mchoraji wa gazeti hawezi kupewa mji. Akisha kuitoa picha, imetoka; na kama mlango hauna ufunguo, msomaji atasimama nje mpaka achoke. Ubishi juu ya picha ni jambo jema, lakini uje baada ya kicheko, usije mahali pake.

Ugonjwa wa wachoraji wetu walio wengi, hata hivyo, ni kinyume cha huo. Ni ugonjwa wa kuandika jina juu ya kila kitu. Mtu mnene akichorwa, tumboni huandikwa RUSHWA. Ng'ombe aliyekonda huandikwa UCHUMI. Mzigo kichwani pa mama huandikwa KODI, na mama mwenyewe huandikwa MWANANCHI, na jua linalomchoma nalo hupewa jina lake. Picha imekuwa duka la dawa, kila chupa na karatasi yake. Mchoraji wa namna hiyo hamwamini msomaji. Amdhania kuwa ni mtu asiyeweza kuliona tumbo akajua limetoka wapi. Nasi watu wa vijijini, tuliokwisha kuona matumbo ya namna nyingi yakishuka katika magari, twaona tumedharauliwa kidogo.

Tofauti hii yaonekana vizuri katika kazi ya mtu mmoja, aliye mashuhuri kuliko wachoraji wote wa Afrika ya Mashariki, naye ni Bwana Godfrey Mwampembwa, ajiitaye Gado. Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1969, akaanza kusomea usanifu wa majengo, kisha mwaka 1992 akaenda Nairobi kuchora katika magazeti ya kampuni ya Nation. Mkono wake ni mwepesi, na nyuso zake zina ukweli wa kutisha. Bwana Uhuru Kenyatta na Bwana William Ruto waliposhitakiwa katika mahakama ya kimataifa ya The Hague, Gado alianza kuwachora na mnyororo mguuni, na mwisho wa mnyororo tufe la chuma. Walishika madaraka ya nchi mwaka 2013, mnyororo ukabaki. Wakihutubia, tufe lipo. Wakipokea wageni, tufe lipo. Hakuliandika neno MASHITAKA juu yake. Hakuwa na haja. Mtu ye yote aliyewahi kumwona mbuzi amefungwa kamba akidhani yu huru, hadi kamba ilipokwisha, aifahamu picha hiyo.

Sasa iweke karibu na picha nyingine ya mkono huo huo, iliyotoka katika The East African mwezi wa Januari 2015. Humo Rais Kikwete amestarehe kama mfalme wa kale, wanawake wakimtumikia na kumlisha, na wanawake wale wameandikwa majina ya maovu ya serikali. Picha hii ilizungumzwa mno, kwa sababu tutakazozitaja sasa hivi, lakini kama kazi ya sanaa sisi twaiweka chini ya ule mnyororo. Ukiyafuta majina, hubaki mtu na wanawake, na maana yote imekwenda. Ukikosa kuandika lo lote juu ya tufe la chuma, hukupoteza kitu. Tena twaona si haki maovu ya wanaume wenye vyeo yachorwe kila mara katika umbo la mwanamke. Huu ni mtindo wa zamani wa Ulaya, na mchoraji mwenye kipaji kama chake hakuwa na haja ya kuuazima.

Hapa hapana budi kusema jambo lililo zito zaidi ya ufundi. Mwezi ule ule wa Januari 2015 gazeti la The East African lilizuiwa Tanzania; serikali ilisema sababu ni kwamba halikusajiliwa nchini. Mwaka 2016 mkataba wa Gado na kampuni yake ya Nairobi haukuendelezwa. Na mwezi wa Septemba 2021 mchoraji kijana, Bwana Optatus Fwema, alikamatwa kwa ajili ya picha ya Rais aliyoitoa katika mtandao, akakaa mikononi mwa polisi siku kadhaa. Mtu aketipo na kalamu yake akijua mambo hayo, haiwezekani mkono wake uwe mwepesi kama wa mtu asiyeyajua.

Kwa hiyo tumejihoji juu ya yale tuliyoyasema hapo juu. Tumemlaumu Bwana Masoud kwa kufuli mbili. Lakini kufuli moja huwekwa na fundi kwa ajili ya uzuri wa mlango, na ya pili huwekwa na mwenye nyumba kwa kuogopa usiku, na kwa nje kufuli hizo zafanana. Hatuwezi sisi tulio nje kusema ni ipi. Ila twaona hatari moja, nayo ni yetu wasomaji na wahakiki: kwa kuwa twapenda mafumbo tangu utoto, twaweza kuifanya hofu kuwa sifa, tukasema tazama jinsi alivyoficha kwa ustadi, hali yeye angalipenda kusema wazi. Mwanamke mwenye kanga ana hiari ya kufungua kinywa au kunyamaza. Ndiyo maana kunyamaza kwake kuna ladha. Hiari hiyo ikiondolewa, kanga inabaki nguo tu. Na mnyororo wa Gado, ulio wazi kama mchana, ulichorwa na Mtanzania aliyekaa Nairobi, akiwachora wakubwa wa huko. Msomaji na ayatafakari hayo mwenyewe.

Tuna neno jingine, nalo latugusa nyumbani. Iko picha ambayo tumeiona mara nyingi mno hata hatuwezi kumtaja aliyeianza. Mtu ameshuka kutoka katika basi mjini Dar es Salaam. Suruali yake ni fupi, kapu lake limefungwa kamba, na kwapani ana kuku hai. Ainua uso na kutazama nyumba ndefu, mdomo wazi, na mwizi wa mjini akwisha kutia mkono mfukoni mwake. Mtu huyo ni sisi. Pengine ameandikwa kwamba ametoka Handeni, pengine Singida au Kigoma, kwa kadiri mchoraji alivyo na jirani wa kumtania.

Hatusemi kwamba tusichekwe. Utani ni wa zamani kuliko magazeti, na Mzigua ajua namna ya kumtania mtani wake na kutaniwa, wala haendi kortini. Na kweli, nani kati yetu hakumchukua kuku yule? Tulimchukua, tena alituchafulia shati. Kosa la picha hii ni jingine: haina nusu ya pili. Kicheko kimekwisha kuchekwa kabla msomaji hajafika. Mchoraji hakumtazama mtu ye yote akishuka katika basi. Alitazama picha ya mwenzake. Kama angalitazama, angaliona ya kuwa kuku yule amekwenda kwa dada mwenye watoto wanne na chumba kimoja, na kwamba nyumba ile yenye kumcheka mshamba mchana humla kuku wake usiku. Hapo pana picha, na kicheko chake kingaligeuka njiani na kumrudia mwenyewe.

Nasi twangoja picha ya upande wa pili. Mtu wa mjini ameshuka hapa Korogwe, amevaa viatu vyeupe, na saa moja baadaye yuko juu ya mwembe, mkono umeinuliwa juu na simu, akitafuta mtandao. Na chini ya mti mtoto mwenye kuchunga mbuzi azungumza na simu yake kwa raha, maana ajua mahali pa kusimama. Bado hatujaiona. Labda wachoraji wote wakaa mjini.

Au labda hawakai mjini wote. Mwaka jana, katika shule tunakofundisha, tulikuta picha ubaoni asubuhi kabla ya kipindi cha kwanza. Iliyechorwa ni sisi. Upara ulikuwa wetu, miwani ilikuwa yetu, na fimbo tuliyoishika nyuma ya mgongo, kwa masikitiko, ilikuwa yetu pia. Ukutani palichorwa tangazo lile ambalo lipo kweli, la kukataza simu shuleni, nasi twalionyesha kwa kidole. Na kutoka mfuko wa shati letu mistari midogo ilikuwa ikiruka pande zote, kama ya kengele inayolia. Wanafunzi wote katika picha, mstari kwa mstari, walikuwa wakiutazama mfuko. Hapakuwa na neno lo lote, ila lile la tangazo.

Darasa lilikuwa kimya kama kaburi. Tulisimama mbele ya ubao kwa muda mrefu kuliko tulivyotaka. Kwanza tulitafuta fimbo kwa macho, hatukatai. Kisha tukaanza, kwa mazoea ya kuhakiki, kuitazama kazi yenyewe. Mchoraji hakuandika MWALIMU juu yetu, wala UNAFIKI juu ya mfuko. Alichora macho thelathini na kitu, yote yameelekea mahali pamoja, na kuyaacha yafanye kazi. Jambo lenyewe lilitokea kweli, juma moja kabla yake, nasi tulidhani hakuna aliyeliona, kwa sababu hakuna aliyecheka.

Tuliuliza ni nani aliyechora. Hakuna aliyejibu, wala hatukuuliza mara ya pili. Tukaligeukia somo la hesabu, tukaandika katika nusu ya ubao iliyokuwa tupu, na kwa kuwa nusu hiyo haikutosha tukayabana maandishi yetu mpaka yakawa madogo, hata walioketi nyuma wakaomba kusogea mbele. Saa tisa tukaufuta ubao wote. Simu tumeiacha nyumbani tangu siku hiyo, isipokuwa siku za mshahara.

Msichana mmoja wa mstari wa tatu huwa na chaki vidoleni hata siku ambazo hakuitwa ubaoni. Hatujamwambia neno. Ila tumeanza kumletea karatasi za maandazi zenye picha njema, baada ya kuzipangusa mafuta, tukaziacha juu ya dawati lake kana kwamba tumezisahau.